Jiwe la Mama Zaina

Jumapili Biira alinipigia simu kutoka Bwera kuniambia kwamba mume wake, Muhindo, hali chakula tena na kila saa ananitaja. "Anasema anataka kuona mwalimu," alisema. Mwalimu ni mimi, ingawa sijawahi kumfundisha mtu yeyote kitu cha maana. Muhindo alinibandika jina hilo zamani kwa sababu nilimsomea karatasi za Kiingereza. Nikamwahidi Biira kwamba nitafika Jumanne. Jumanne likaja lori la mabeseni na madumu, maana hiyo ndiyo biashara yangu hapa Kasese, na nikajiambia kwamba mzigo haushushwi mwenye duka akiwa hayupo. Jumatano nilikuwa nimechoka. Alhamisi Biira akapiga tena, na safari hiyo hakuhitaji kusema maneno mengi. Ndiyo maana nilifika Bwera Jumamosi, nimejifunga nguo za msiba. Nayaandika haya nikiwa nimejikasirikia, na msomaji anivumilie, kwa sababu nikiwa na hasira huwa nasema kweli, na nikiwa sina huwa najipamba.

Mwaka ninaotaka kuusimulia ni ule nilioishi nyumbani kwa Hajji, kule Nyamwamba, mtaa wa hapahapa Kasese, nikiwa na miaka ishirini na miwili. Habari za wazazi wangu na ukoo wetu naziacha; wao hawakufanya kosa lolote katika jambo hili. Hajji alikuwa msafirishaji, malori yake yakitoka Mombasa mpaka mpakani Mpondwe, na huko pwani ndiko alikooa. Mke wake, Mama Zaina, alikuwa ameishi Kasese miaka mingi bila kuizoea hata siku moja. Alikuwa akisema joto la hapa ni joto la hasara, kwa kuwa mtu anatoka jasho na bahari yenyewe haioni. Mwaka huo alikuwa ametoka kulazwa hospitali ya mbali kwa miezi miwili, na madaktari walikuwa wamemwambia Hajji maneno ambayo hakumweleza mtu, lakini kila aliyemtazama usoni aliyasoma. Binti yao, Zaina, alikuwa ameolewa Uarabuni na alibaki sauti tu kwenye simu. Mimi niliajiriwa kukaa na mgonjwa: kumwinua, kumgeuza, kumnywesha uji, na kumsikiliza.

Chumba chake zamani kilikuwa sebule. Hajji alikuwa ametoa makochi yote, akaingiza kitanda, na alama za miguu ya makochi zilibaki sakafuni, mashimo madogo kwenye zulia ambayo kila siku nilipofagia niliyakuta palepale. Kulikuwa na harufu ya udi na dawa. Hajji alikula humo humo, chini kwenye mkeka, ili mkewe asijione ametengwa, na mimi niliwaandalia bundu, ugali wetu wa muhogo, sombe ya majani yake, na samaki wa kukaanga kutoka ziwani Kahendero. Mama Zaina akiwa na nguvu alitukebehi. "Samaki wa ziwa ni kama kutafuna pamba," alikuwa akisema. "Nyinyi watu wa milima mwala tu, hamjui mlacho." Hajji alicheka mdomo umejaa. Siku moja katikati ya mzaha huo Mama Zaina akasema polepole kwamba hataki kupelekwa pwani, kwani barabara itammaliza kabla ya kufika. Anachotaka ni kuwaona samaki wa kwao wakiogelea, mara moja tu, halafu Mungu afanye apendavyo. Hajji aliacha kutafuna. Alikaa na tonge mkononi mpaka likapoa, na mimi nikajifanya natafuta kitu kabatini.

Hajji alikuwa mtu wa kutenda kwanza na kufikiri baadaye. Haikupita muda mrefu lori lake likashusha uani tangi la kioo, refu kama benchi la shule, pamoja na mapipa matano ya bluu yaliyojaa maji ya bahari, maji halisi ambayo dereva aliingia mwenyewe kuyachota, suruali imekunjwa magotini. Kulikuwa na boksi la vifaa: pampu, sanduku la kuchujia, mipira ya kupitishia maji na hewa, na kipasha maji ambacho kwa jua la Kasese kilikuwa kichekesho. Tulijaza tangi, tukawasha pampu, nikamgeuza Mama Zaina atazame. Samaki walikuwa hawajaja, lakini Hajji alitaka aone maji kwanza. Alitazama kwa muda mrefu.

"Hivyo vyeusi ni nini?" aliuliza.

"Pampu, Mama. Na mipira yake."

Akafumba macho. "Miezi miwili nimelala na mipira puani na mkononi. Nimerudi nyumbani nipumzike nayo, nanyi mwaniwekea mgonjwa mwingine mbele ya kitanda. Funikeni."

Tukalifunika kwa shuka. Hajji akanifuata jikoni, amesimama mlangoni kama mtoto aliyevunja sahani. "Hadija, wewe ulisoma. Enda kwa intaneti, angalia wazungu wanaficha namna gani hizo mipira." Nikaenda mjini, nikalipia saa moja, nikarudi na karatasi saba. Kumbe kuna watu duniani ambao kazi yao ya jioni ni kutengeneza mawe ya uongo kwa ajili ya samaki wa kweli. Wanachanganya simenti, makombe yaliyosagwa na chumvi ya mawe, wanaumba jiwe lenye tumbo tupu, pampu na mipira inaingia ndani isionekane. Chumvi ikiyeyuka inaacha vitundu, na jiwe linafanana na lile la baharini. Halafu, karatasi zilisisitiza, jiwe lilale majini wiki nyingi, maji yakibadilishwa, mpaka ukali wa simenti utoke wote, la sivyo samaki watakufa. Sentensi hiyo ya mwisho niliipigia mstari kwa kalamu nyekundu, mimi mwenyewe.

Mkono bora wa simenti katika sehemu zetu ulikuwa wa Muhindo, Mkonzo wa Bwera, mjenzi wa makaburi. Makaburi yake yalikuwa na mikeka ya simenti, vikapu vya simenti, matawi ya kahawa yenye buni, na watu walikuwa wanayapapasa kuhakikisha. Alikuwa mtu mzima tayari, mrefu, mwenye kope zilizoungua kidogo kwa vumbi la kazi yake. Nilimsomea karatasi uani, yeye akiwa amechuchumaa.

"Mwalimu, soma tena pale pa chumvi," alisema.

Nikasoma tena.

"Chumvi mu simenti?" Akacheka mpaka akaketi chini. "Hiyo beko adui. Nikiweka chumvi mu kaburi ya mutu, bandugu yake batanipiga."

"Wanasema inayeyuka, inaacha matundu."

"Basi batu ba bahari beko na akili ingine."

Makombe tuliyafuata Kahendero, ufukweni mwa ziwa, magunia mawili ya makombe meupe ya konokono, nikayatwanga kwenye kinu. Chumvi ilikuwa ya Katwe, ile ya mabonge ya kijivu ambayo wafugaji huwalambisha ng'ombe. Karatasi zilitaka chumvi ya mawe, na sisi tuna ziwa zima la chumvi jirani, nani angeagiza kutoka mbali? Muhindo hakutumia kalibu ya mbao. Alilowesha mchanga ndani ya boksi, akachimba humo umbo kwa vidole, akalaza mabua ya mapapai mahali ambapo maji yatapita, maana bua la mpapai lina uwazi ndani na likioza linatoka lenyewe, kisha akaweka sufuria kuukuu katikati pawe tumbo la pampu. Nyuma aliacha shimo la mkono. "Leta ngumi yako," aliniambia, akaipima kwa kamba ngumi yangu, si yake. "Weye ndiye utashika pompe kila siku. Miye nitakuwa Bwera."

Hakuwa ameiona bahari maishani, na jambo hilo lilimsumbua. Siku ya pili alisimama nje ya dirisha la mgonjwa, amevua kofia, akauliza kama anaweza kuelezwa. Nilidhani Mama Zaina atamfukuza. Badala yake aliniomba nimwinue. Akamwambia kwamba jiwe la baharini si laini, na wala si baya. Lina mgongo ambapo mawimbi hulipiga, na lina tumbo ambapo viumbe hujificha, na fundi mjinga hulifanya sawa pande zote. Muhindo akarudi kwenye boksi lake, akachimbua, akarudi dirishani na mikono imejaa simenti kuuliza: hivi? "Sivyo. Hapo pamekaa kama mkate," Mama Zaina alisema, na akacheka, na kicheko kile kilinishtua kwa sababu nilikuwa sijakisikia tangu niingie nyumba ile. Kwa siku kadhaa alikuwa msimamizi. Alikula bakuli zima la uji. Hajji aliposikia sauti yake toka uani alikuwa anasimama tu, funguo za gari mkononi, hataki kuingia asije akaharibu.

Jiwe likaingia kwenye pipa lingine, la maji ya bomba. Muhindo alikuwa na desturi yake ya makaburi: kaburi likishajengwa hulifunika kwa magunia na kulinywesha maji siku nyingi, na hakubali familia ilipake rangi mpaka yeye aseme. Kila Jumamosi alikuja kutoka Bwera, akamwaga maji ya pipa, akachota mengine, akayaacha yatulie, kisha akainama na kunawa uso. Yakimchoma macho, alisema bado. Mimi nilikuwa na karatasi za kupimia maji zilizokuja na boksi la vifaa. Unachovya, rangi inabadilika, unalinganisha na mchoro. Nilimcheka na uso wake, naye alinicheka na karatasi zangu. Wiki ya saba karatasi yangu ilitoa rangi ileile ya maji ya bahari. Muhindo akanawa, akapepesa kope zake.

"Inakwaruza kidogo," alisema. "Ipewe Jumamosi mbili ingine."

"Karatasi inasema imekwisha, fundi."

Hajji alikuwa amesimama hapo. "Muhindo, bibi yangu haina Jumamosi mbili za kuchezea," alisema.

Muhindo akatutazama mimi na yeye. "Karatasi ya mwalimu inajua kuliko uso wangu," alisema mwishowe. "Itoke mu pipa." Nataka ieleweke kwamba karatasi ilisema kweli. Jiwe lile lilikuwa limekwisha. Hilo nimelijua miaka yote hii.

Siku mbili kabla ya samaki kuletwa nilikuwa stoo nyuma ya jikoni nikihamisha maji ya bahari. Baada ya lile jaribio la kwanza tulikuwa tumeyarudisha mapipani, na kazi yangu ilikuwa kuyapitisha kwa mpira, pipa baada ya pipa, mpaka ndoo ya kubebea. Nikasikia Hajji akizungumza na kaka yake upande wa pili wa ukuta. Kaka yake aliuliza kama sanda imenunuliwa. Hajji akajibu kwamba imenunuliwa, iko kabatini, chini ya mashuka, na akaomba asiulizwe tena. Mashuka hayo nilikuwa nayatandika mimi. Siku hiyohiyo asubuhi nilikuwa nimeingiza mkono kabatini humo na kuhisi kitambaa kipya, nikadhani ni zawadi. Niliacha mpira, nikaenda chumbani kumtazama Mama Zaina, nikamkuta amelala mdomo wazi, nikakaa kitandani kwake nikamshika mguu. Sijui nilikaa kiasi gani. Niliporudi stoo mpira ulikuwa umeanguka nje ya ndoo na pipa zima lilikuwa limekwenda na mfereji. Sakafu ilikuwa inang'aa tu.

Ningesema siku hiyo, ningetukanwa. Hajji alikuwa na ulimi mkali, na pengine angenifukuza, na dereva angerudi Mombasa, siku mbili kwenda na mbili kurudi, na samaki wangengoja. Hayo tu. Leo nikiyapima naona aibu kwa udogo wake. Lakini mtu aliyekulia Kasese anajua jambo moja kuhusu chumvi: chumvi ni Katwe. Bibi zetu walipikia hiyo, ng'ombe walilamba hiyo. Gunia lililobaki lilikuwa palepale stoo. Nikajaza pipa maji ya bomba, nikaponda mabonge, nikayakoroga, nikawa nachovya kidole kwenye pipa la bahari na kwenye pipa langu, naonja huku, naonja kule, mpaka ulimi ukashindwa kutofautisha. Nilijisifu, na Mungu anisamehe kwa hilo. Kwamba chumvi yetu ina magadi ndani yake, yaleyale tunayotupia kwenye maharage yalainike, nilikuwa nalijua toka utotoni, na sikulikumbuka hata kidogo.

Samaki walifika saba wakiwa hai. Tulijaza tangi, pipa langu likiwamo, tukalitia jiwe, pampu ikapotea tumboni mwake, mipira ikapita kwenye njia za mabua ya mapapai, na hata mimi niliyelitwangia makombe niliona jiwe tu, jiwe lililokuwa pale tangu dunia iumbwe. Hajji akatoa shuka. Mama Zaina aliinuliwa kwa mito mitatu. Samaki wa manjano akatoka kwenye tumbo la jiwe, akageuka, akarudi. "Huyo mwenye mistari twamwita kitatange," alisema. "Mwaona anavyochungulia? Ana kiburi huyo." Alimtaja kila mmoja kwa jina la kwao. Kisha akatafuta kwa macho. "Na mipira iko wapi?" Hajji akamwambia hakuna mipira. Akatabasamu, akamshika mumewe kidole kimoja, na wakakaa hivyo alasiri nzima, na mimi nikapeleka chai ikapoa na nikairudisha. Nimeona raha nyingi za watu baadaye, harusi na watoto na nyumba mpya. Sijaona nyingine kama ile.

Asubuhi walikuwa juu ya maji, wakihema kwa midomo. Kufikia adhuhuri wawili walikuwa wamelala ubavu. Niliziba kioo kwa mwili wangu nikijifanya nasafisha, lakini Mama Zaina alisema nitoke, na nikatoka. Kitatange alikuwa wa mwisho. Alikuwa anaingia tumboni mwa jiwe na kutoka, anaingia na kutoka, mpaka akatoka akiwa amegeuka. Mama Zaina alitazama mpaka mwisho, halafu akasema neno lilelile la mara ya kwanza. "Funikeni." Akaniomba nimgeuzie ukutani. Tangu hapo kila nilipotaka kumgeuza upande wa chumba, alikataa kwa mkono.

Kabla Muhindo hajafika nilikuwa nimeshajua. Nilichovya karatasi kwenye tangi, ikawa bluu nzito, rangi ya maji makali. Nikachovya kwenye pipa lilimolala jiwe, ikatoa rangi njema. Nikayeyusha bonge la Katwe kwenye glasi ya maji ya bomba, nikachovya, na karatasi ikawa bluu kuliko zote kabla sijaitoa vizuri. Nikazifunga zote tatu ndani ya daftari. Muhindo akaingia, akasalimia, hakuna aliyeitika. Hajji akamwambia ameleta sumu chumbani kwa mgonjwa. Muhindo hakubisha. Alikwenda kwenye tangi, akafunua shuka, akachota maji kwa viganja vyote viwili, akanawa uso. Akasimama vile, maji yakimtiririka shingoni, macho yamekuwa mekundu.

"Inachoma," alisema. "Uso yangu ilisema bado, na miye nikaiachia. Ni jiwe yangu, Hajji."

Hajji akanigeukia. "Hadija, wewe si ulipima?"

Nilikuwa nimeshika sinia la chai. "Nilipima," nikasema. "Labda karatasi zilikuwa zimeharibika."

Hayo ndiyo maneno yangu. Hakuna aliyenilazimisha, na hakuna aliyenihoji zaidi. Muhindo aliniangalia kwa huruma, nadhani aliona nimejitwika sehemu ya kosa lake ili kumpunguzia mzigo. Akaomba apewe jiwe aondoke nalo, na Hajji akasema alitoe haraka. Mama Zaina alifariki siku ya tisa, uso ukutani, na nikaitoa ile sanda kabatini kwa mkono wangu. Msibani watu walinong'ona kuhusu simenti ya fundi wa Bwera. Msiba wa mtu mkubwa unasikika mbali, na haukupita mwaka Muhindo hakuwa na kaburi la kujenga. Hata wachache waliomfuata aliwakatalia. Mkono uliodanganya mgonjwa, alisema, usiguse wafu. Akalima kahawa, na siku za soko akabeba mizigo ya watu Mpondwe, yeye na vidole vile.

Nilimwona mara nyingi katika miaka iliyofuata, maana biashara ilinipeleka Bwera. Aliniitia kiti, Biira akaleta chai, tukazungumza habari za mvua. Mara moja nilifika mpaka "Muhindo, kuna jambo," na yeye akangoja, na nikamwuliza bei ya kahawa. Nilijiambia kwamba amekwisha kusahau, na kwamba kumkumbusha ni ukatili. Yaani nilimwonea huruma kwa faida yangu.

Jumamosi iliyopita tulimzika kwenye shamba lake, kaburi la udongo mtupu, bila simenti, kama alivyoagiza. Watu walipoanza kula, Biira akanishika mkono akanipeleka nyuma ya nyumba. Kulikuwa na pipa la bluu, limepauka kwa jua, na ndani yake, chini ya maji, lilikuwapo jiwe. Nililitambua kwa mgongo na tumbo lake.

"Hii ndiyo nilitaka kukuuliza, mwalimu," Biira alisema. "Kila Jumamosi anatoa mayi, anaweka ingine, ananawa uso. Anasema bado inachoma. Miye nikinawa, sisikie kitu. Namwambia, muzee, hii mayi iko muzuri. Anasema, weye haujui. Leo ni Jumamosi, na miye sijui nifanye nini. Tuiache? Tuendelee?"

Nikainama nikanawa uso. Yalikuwa maji ya mvua, matamu, hayakuchoma popote. Nikaingiza mkono kwenye shimo la nyuma, lile alilopima kwa ngumi yangu, na ngumi yangu ya sasa, iliyonenepa kwa miaka na biashara, haikuingia. Nikamwambia Biira. Nilimwambia kuhusu mpira na pipa, kuhusu gunia la Katwe na kidole nilichoonja nacho, kuhusu karatasi tatu ndani ya daftari. Nilimwambia kwamba jiwe lilikuwa zima tangu wiki ya saba, na kwamba mume wake hakuua hata samaki mmoja. Nilisema yote bila kulia, kwa kuwa niliona kulia ni kumwomba anibembeleze.

Hakuuliza kwa nini. Aliniuliza kama nilijua siku ileile, nikasema ndiyo, siku ileile. Akakunja mikono ya gauni lake. Akaniambia nishike upande mmoja, kwa sababu jiwe ni zito na yeye ana umri, tukalitoa pipani pamoja likitiririka, tukaliweka kwenye nyasi. Akapiga pipa teke, likalala, na maji yakaenda yakitafuta njia kwenye mizizi ya migomba. Kisha akajifuta mikono, na aliponiangalia hakukuwa na hasira, na hilo ndilo linalonifanya nisilale.

"Ungekuya Jumanne," alisema. "Jumanne alikuwa anasikia."